KILA MLAJI NA ULIMI WAKE

Wahenga walinena kuwa penye wengi pana mengi, na wala hawakutia chumvi. Ndugu msomaji, ukiwa na shaka na kauli hiyo, siku moja ukifika Kisumu ingia katika mkahawa wa Kihindi saa saba za mchana, agiza sahani yako, kisha utege masikio. Utamsikia mmoja akilia kuwa mchuzi ni mkali kama moto wa jehanamu, na jirani yake, aliyepakuliwa kutoka sufuria ile ile, akiuliza kama pilipili imekwisha sokoni. Huyu atasema chakula ni ghali, yule atasema ni cha bure. Mmoja atasema hapa ndipo penye upishi halisi wa Kihindi, na mwingine atacheka hadi magego yaonekane: "Halisi? Hiki? Wacha mchezo, bwana!"

Mimi nimeyasikia hayo tangu utotoni, kwa sababu baba yangu ni mpishi katika mkahawa mmoja wa aina hiyo. Jina la mkahawa nitalihifadhi, maana sikushika kalamu hii ili niutangazie biashara wala niuharibie. Itoshe kusema kwamba una meza kumi na mbili, feni mbili ambazo moja ndiyo inayozunguka, na harufu ya iliki na kitunguu cha kukaanga inayomlaki mpita njia hatua hamsini kabla ya mlango. Likizo ya Agosti iliyopita nilisaidia pale kupangusa meza na kubeba vyombo. Na hapo ndipo nilipokutana na kitabu cha maoni.

Kitabu chenyewe ni daftari kubwa la mistari lililowekwa kwenye kaunta, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isipate miguu. Mwenye mkahawa alikuwa ameliweka kwa sababu maalum. Biashara ilikuwa imelegea, na baadhi ya wateja walikuwa wakimnong'oneza kwamba dawa ni kumleta mpishi kutoka India. Basi akamwita baba na kumwambia bila kuficha, "Fundi, acha watu waandike. Mwisho wa Agosti nitasoma yote, halafu tutaona." Jamani, "tutaona" ni neno fupi, lakini usiku ule baba hakumaliza ugali wake. Karo yangu, karo ya dada yangu, na dawa za nyanya kule Vihiga, vyote hutoka katika karai lile. Kwa hiyo nilipokuwa nikilifungua daftari kila jioni, moyo ulinidunda kama wa mtahiniwa anayesubiri matokeo.

Kabla sijawasimulia yaliyoandikwa, heri niwakumbushe jinsi chakula hiki kilivyofika kwetu. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 na ukafika ukingoni mwa ziwa mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India, iliyotawaliwa wakati huo na Waingereza. Takriban 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na taabu nyingine. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, elfu kadhaa wakabaki. Wafanyabiashara, wengi wao kutoka Gujarat, wakafungua maduka kando ya reli hadi mashambani. Walikuja na vyakula vyao na maneno yao pia. Chapati, bajia, achari, kachumbari, gari, pesa, laki, hata hilo karai la baba, yote ni maneno yaliyotujia kwa njia ya lugha za Bara Hindi. Leo Krismasi bila chapati hapa Kenya ni kama harusi bila bibi harusi. Na mwezi Julai 2017 serikali ilitangaza kuwa Wakenya wenye asili ya Kihindi ni kabila la 44 la taifa hili.

Baba naye aliingia katika mkahawa ule akiwa kijana wa kuosha vyombo. Wakati huo jikoni palitawaliwa na mama yake mwenye mkahawa, ambaye kila mtu humwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati. Ba alizaliwa Jamnagar, akaolewa Kisumu akiwa msichana. Alimwona baba hachoki kutwanga, akampa kinu na mchi. Kwa miaka miwili baba alitwanga tu: jira, giligilani, uwatu, hardali, pilipili manga. Mwaka wa tatu akaruhusiwa kukaanga kitunguu. Ba alisimama nyuma yake na mwiko mkononi, na kitunguu kikiungua kidogo tu, sufuria nzima ilimwagwa na kazi ikaanza upya. Usione vyaelea, vimeundwa.

Sasa tulifungue daftari.

Malalamiko ya kwanza, na ndiyo mengi kuliko yote, yalihusu pilipili. Mteja mmoja aliandika, "Mnatupikia chakula ama mnatupima uvumilivu?" Huyo nilimwona kwa macho yangu. Jasho lilimtoka kapakapa, machozi yakamtiririka njia mbili mbili, naye akagugumia gilasi tatu za maji bila kupata nafuu. Ukurasa huo huo mwingine aliandika, "Ongezeni pilipili, walahi hii ni chakula ya mgonjwa." Siku ile ile, sufuria ile ile! Nilimwuliza mwalimu wetu wa Biolojia baada ya likizo, akanifungua macho. Ukali wa pilipili si ladha kama chumvi au sukari. Ni kemikali inayoamsha mishipa ile ile ya fahamu inayotuambia tumeguswa na moto. Mwanasayansi David Julius wa Marekani aliitumia kemikali hiyo kuvumbua jinsi mwili unavyohisi joto, na mwaka 2021 yeye na Ardem Patapoutian wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Aliyezoea pilipili tangu utotoni, mishipa yake imetulia. Asiyezoea huhisi kikweli kana kwamba anaungua. Kwa hiyo wateja wale wawili wote walisema kweli, kila mmoja kwa mdomo wake. Maji hayasaidii, kwani kemikali hiyo haiyeyuki vizuri majini. Maziwa na mtindi ndivyo huishika na kuiondoa ulimini. Ndiyo maana Wahindi huweka bakuli la mtindi mezani, si urembo.

Lalamiko la pili lilimtia baba uchungu. Mama mmoja aliandika, "Mchuzi unanukia sabuni. Osheni vyombo vizuri." Lo! Mwosha vyombo, kijana wa watu asiye na makuu, nusura afukuzwe siku hiyo. Sahani zilinuswa moja moja kama vile polisi wanatafuta bangi. Hakuna sabuni iliyopatikana. Mwalimu wangu alicheka niliposimulia haya, akauliza, "Je, mchuzi ulinyunyiziwa dania juu?" Nikasema ndiyo. Kumbe wapo watu ambao pua zao, kwa maumbile tu ya kurithi, huhisi majani ya dania kuwa yananuka sabuni! Wengine wote mezani watasema yananukia vizuri, naye atasema sabuni, na hapo hapana mwongo.

La tatu lilihusu kitunguu. "Mchuzi wa viazi upande ule una kitunguu, mchuzi wa dengu upande huu hauna. Mnabana matumizi?" Huyu hakujua kuwa miongoni mwa wateja wa mkahawa ule wamo Wajaini, ambao dini yao huwakataza kitunguu, saumu, viazi na mizizi mingine, kwa kuwa kuing'oa ni kuua mmea mzima na vidudu vya udongoni. Basi kila siku sufuria moja hupikwa bila hivyo. Kurasa mbili mbele, mtu mwingine alikuwa ameandika kwa mwandiko mdogo mzuri, "Asante kwa dengu. Si kila mahali tunapata." Kilichomuudhi wa kwanza ndicho kilichomlisha wa pili.

La nne lilikuwa sukari. Wapo waliochukia dengu kuwa na utamu kwa mbali, wakidhani mpishi amekosea kopo. La hasha! Wagujarati hutia sukari guru kidogo katika dengu, na ndimu kidogo kuipatanisha. Mpunjabi hatii, yeye hupenda siagi na mkate wa tanuri. Mgoa hupenda siki. Anayesema "chakula cha Kihindi" kana kwamba ni kimoja ni sawa na anayesema "chakula cha Kiafrika", kisha akatarajia kukuta irio, omena, matoke na wali wa nazi katika sufuria moja.

Bei nayo haikusahauliwa. "Sahani ya nyama shilingi 450, vipande vinne! Nilivihesabu." Hapa nitasema kweli ingawa baba ni baba yangu: huyu alikuwa na haki. Vipande vilikuwa vinne, na mwezi uliotangulia vilikuwa sita. Nyama ilikuwa imepanda bei na mwenye mkahawa hakutaka kubadilisha bei iliyoandikwa ukutani, basi akapunguza vipande kimyakimya. Mteja si mjinga. Afadhali kumwambia bei imepanda kuliko kumfanyia hesabu ya kutoa ndani ya mchuzi. Wengine waliuliza kwa nini hakuna nyama ya ng'ombe. Jibu ni la imani ya wenyewe, na kuku, mbuzi na samaki wapo tele. Jaduong' mmoja wa makamo aliandika neno moja tu, kwa herufi kubwa: "UGALI?" Baba aliposoma hilo alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Nimewaeleza haya ili mwone kwamba maoni mengi yanayoonekana kugombana, ukiyachunguza, hayagombani. Yanatoka katika ndimi, pua, dini na mifuko tofauti. Kizuri hakikosi ila, na ila ya mmoja ni sifa kwa mwingine.

Lakini lilikuwapo lalamiko moja ambalo hakuna mwalimu wa Biolojia awezaye kulieleza.

Alikuwapo mteja wa kila Ijumaa, Mkenya mwenzetu mweusi, aliyesomea Pune huko India ujanani mwake. Biriani ya kuku ndiyo iliyokuwa chaguo lake. Katika kurasa za mwanzo za daftari alikuwa ameandika mara tatu kuisifu. Mara moja alisema akiila hufumba macho na kujiona yuko Pune tena. Ijumaa moja aliomba kumwona mpishi ampe mkono. Nikaenda jikoni mbio kumwita baba. Baba akanawa, akavua aproni, akatokea akitabasamu kama bwana harusi. Yule bwana alimtazama, akatazama nyuma yake kana kwamba bado kuna mtu anakuja, kisha akauliza, "Wewe ndiye? Ah. Nilidhani kuna Mhindi." Alimpa mkono, ndiyo, lakini mkono wenyewe ulikuwa baridi kama samaki wa barafu.

Ijumaa iliyofuata aliandika hivi: "Biriani imeshuka kiwango. Haina ule uhalisi. Tafuteni mpishi anayejua." Nami nilikuwa jikoni siku zote mbili. Mchele ulikuwa ule ule, kipimo cha iliki, mdalasini na karafuu kile kile, samli ile ile, mkono ule ule. Kitu kimoja tu ndicho kilichobadilika: alikuwa amemwona mpishi. Chini yake mtu mwingine akaongezea methali, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Huyo wa pili sijui hata kama alikula. Alisoma tu maneno ya mwenzake akayapigia makofi, na hivyo ndivyo lalamiko moja huzaa mapacha.

Hebu tuliangalie neno "halisi" kwa utulivu. Vasco da Gama alipita Malindi mwezi Aprili 1498, akapewa rubani wa kumvusha bahari, akafika Calicut mwezi Mei. Baada ya hapo Wareno ndio waliopeleka India pilipili, nyanya na viazi vilivyotoka bara la Amerika. Kabla yao hapakuwa na Mhindi aliyewahi kuonja pilipili hizi. Ukali wa chakula chake ulitoka kwa pilipili manga na tangawizi. Je, mama wa Kihindi wa kwanza kutia pilipili ya mgeni katika sufuria yake aliambiwa kuwa chakula chake si halisi? Tuje karibu zaidi. Wahindi wa Afrika Mashariki wana chakula wakiitacho mogo, ambacho ni muhogo wetu huu huu uliokaangwa na kutiwa pilipili na ndimu, jina lenyewe limetoka kwa Kiswahili. Wana pia kuku paka, kuku wa mchuzi wa nazi ya pwani. Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda mwaka 1972 na kuwapa siku 90, wengi walikimbilia Uingereza, na mogo ikaenda nao. Leo inauzwa katika mikahawa ya Kihindi ya London. Na mwaka 2001 Robin Cook, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisema hadharani kuwa kuku wa tikka masala ni chakula cha kweli cha kitaifa cha Waingereza. Chakula husafiri, maze, na hakiulizwi pasi wala kitambulisho. Kwa nini basi mpishi aulizwe?

Wapo watakaonijibu kuwa mteja ana haki ya kutaka anachotaka, kwa kuwa pesa ni zake. Kweli kabisa. Akisema chumvi imezidi, mpishi apunguze. Akisema wali umeiva kupita kiasi, mpishi akiri. Baba mwenyewe hukiri. Wiki ile ile mtu aliandika kuwa samaki alikuwa na magamba, na baba alimchukua mvulana wa kuparua samaki wakaanza somo upya. Lakini mtu anapousahihisha ulimi wake kwa macho yake, huyo hasemi habari za chakula tena. Na maneno kama hayo yana bei. Yule bwana alipoandika mstari wake alilipa, akaondoka zake akichokonoa meno. Sisi nyumbani mstari ule ulitukosesha usingizi wiki mbili. Mama alianza kuhesabu ni kuku wangapi wanaweza kuuzwa, na dada akauliza kama atahamishiwa shule ya kutwa.

Mwisho wa Agosti ukafika. Mwenye mkahawa alikaa meza ya pembeni baada ya kufunga, miwani puani, akasoma kurasa zote kwa sauti. Baba alisimama. Mimi nilijifanya kupangusa meza ambayo nilikwisha kuipangusa mara nne. Ba pia alikuwapo, kikongwe sasa, hapiki tena lakini bado huletwa jioni kuonja. Aliposikia habari za kutafuta "mpishi anayejua", aliinua mkono, na mwanawe akanyamaza. Akasema kwa Kiswahili chake cha Kisumu, taratibu, "Huyu nimemfundisha mimi. Mtu akisema huyu hajui, anasema mimi sijui."

Hakuna aliyejibu. Ungejibu nini?

Sitawadanganya kuwa mambo yote yalinyooka siku hiyo. Yule bwana wa Pune hakurudi, na meza za Ijumaa bado hazijai. Ila mpishi kutoka ng'ambo hakuletwa. Weita sasa anamwuliza kila mteja kama anataka pilipili kali, ya wastani au kidogo. Dania huletwa kwa kisahani pembeni. Bakuli la mtindi halikosekani. Na bei ya nyama imepandishwa waziwazi, vipande vikarudi sita. Yote hayo yalitoka katika lile daftari. Ugali nao umeanza kupikwa siku ya Jumatano, na unaliwa na samaki wa mchuzi wa bizari hadi sufuria inakwanguliwa. Karo yangu ya muhula wa tatu ililipwa nusu mwanzoni na nusu kabla ya mitihani, nami nikaufanya mtihani.

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, na ninyi walimu wetu wapendwa, sisi pia ni walaji. Katika bwalo letu, kila Jumanne ya githeri, nasikia maneno ambayo mpishi akiyasikia atatamani kuutupa mwiko. Mimi sisemi tunyamaze, kwani aliyenyamaza hali maharagwe yaliyoiva. Napendekeza tuweke daftari pale dirishani, lenye kalamu ya uzi, na kila anayeandika aandike kile alichokionja: chumvi, maji, mawe, kiasi. Jina la mpishi, kabila lake na mavazi yake yasiandikwe, maana hayo hayakuwamo sahanini. Na siku githeri itakapokuwa tamu, kwani zipo siku kama hizo, tuandike pia. Naamini mwenye mkono ule atalisoma, na pengine nyumbani kwake yupo mtoto anayelisoma pamoja naye.